Samaki wakubwa waadimika katika maji ya Stockholm

Makala ya mazingira ya juma hili yanaelekea kaskazini mwa Ulaya, katika kitongoji cha Tensta, kaskazini-magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Ni mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati serikali ilipokuwa ikitekeleza mpango wa kujenga nyumba milioni moja katika muda wa miaka 10. Leo wengi wa wakazi wake wana asili ya nchi za nje. Wamo Wasomali wengi, na baadhi yao walipitia Mombasa au Nairobi kabla ya kufika Ulaya, hivyo Kiswahili kwao si lugha ngeni.

Tensta haina bahari. Lakini tangu mwaka 1975 kitongoji hicho kina kituo cha treni ya chini ya ardhi, na anayeipanda treni hiyo hadi mwisho wa njia upande wa mjini huteremka Kungsträdgården baada ya dakika 20 hivi. Kutoka hapo ni hatua chache tu kufika mahali panapoitwa Strömmen, ambapo maji matamu ya Ziwa Mälaren yanamwagika kwa kasi katika Bahari ya Baltiki, mbele ya kasri la mfalme. Hapo, mchana na jioni, husimama watu wenye fito za kuvulia. Hakuna anayewauliza leseni.

Haki hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1636, katika enzi ya Malkia Kristina, wenyeji wa Stockholm walipewa ruhusa ya kuvua katika maji hayo. Na mwaka 1985 sheria ya Sweden ilipanua uhuru huo: mtu yeyote, awe raia au mgeni, anaweza kuvua kwa ufito, mshipi na ndoana katika pwani yote ya nchi hiyo na katika maziwa matano makubwa, Mälaren likiwa mojawapo, bila ya kulipa chochote. Kwa familia yenye kipato kidogo, huo ni uhuru wa thamani. Baba anaweza kumchukua mwanawe siku ya mapumziko, wakasimama juu ya mwamba, wakarusha chambo majini, na jioni wakarudi na kitoweo.

Swali linaloulizwa sasa ni hili: haki ya kuvua ina maana gani pale samaki wanapoadimika?

Samaki anayewavutia zaidi wavuvi wa ukingoni katika visiwa vya Stockholm ni yule ambaye Waswidi humwita gädda, na ambaye hapa ataitwa gedda. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya kijani yenye madoa, mdomo bapa mithili ya wa bata, na meno makali. Huvizia katikati ya majani ya majini, kisha hushambulia ghafla. Jike huwa mkubwa kuliko dume, na anaweza kupita urefu wa mita moja na uzito wa kilo 15. Wazee wa visiwani wanakumbuka ghuba ambazo gedda wa namna hiyo hawakuwa habari ya kushangaza. Tangu miaka ya 1990 idadi yao imeshuka katika sehemu nyingi za pwani ya Baltiki, hasa katika visiwa vya nje vinavyoelekea bahari kuu.

Sababu si moja. Ya kwanza ni kupotea kwa mahali pa kuzalia. Gedda hutaga mayai katika majira ya machipuko, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na wengi hupanda vijito na mabwawa kwa ajili hiyo. Katika karne za 19 na 20 mabwawa mengi ya pwani yalikaushwa ili kupata mashamba, na vijito vikanyooshwa kama mitaro. Samaki anayerudi kutafuta mahali alipozaliwa hukuta shamba la ngano.

Ya pili ni kupinduka kwa mpangilio wa walaji na wanaoliwa. Katika Baltiki kuna kisamaki kidogo chenye miiba mgongoni, spigi kwa jina lake la Kiswidi. Gedda mkubwa humla. Lakini gedda wakubwa wanapopungua, spigi huongezeka mno, na wao hula mayai na watoto wachanga wa gedda. Kwa maneno mengine, kitoweo kimegeuka kuwa mlaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliochunguza takwimu za karibu miaka 40 katika zaidi ya kilomita 1,000 za pwani ya Sweden, ulionyesha kuwa hali hiyo imekuwa ikienea kama wimbi kutoka visiwa vya nje kuelekea nchi kavu. Mara spigi wanapoitawala ghuba, gedda huona vigumu mno kurudi.

Aidha, wamo sili na ndege aina ya mnandi, ambao idadi yao imeongezeka baada ya kulindwa, nao hula samaki. Na yupo mwanadamu mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi amependelea kumchukua yule aliye mkubwa kuliko wote.

Madhara ya upendeleo huo yanaonekana wazi zaidi kwa samaki mwingine wa Baltiki, yule aitwaye torski kwa Kiswidi. Katikati ya miaka ya 1980 nyavu za nchi za eneo hilo zilikuwa zikivua torski wa mashariki mwa Baltiki kwa malaki ya tani kila mwaka. Mwezi Julai mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulilazimika kusimamisha uvuvi wa samaki huyo. Mwaka 2025 wanasayansi wa kituo cha GEOMAR kilichoko Kiel, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijiwe vya masikioni mwa torski waliovuliwa kati ya mwaka 1996 na 2019. Vijiwe hivyo huonyesha ukuaji wa samaki mwaka hadi mwaka, kama pete za ndani ya mti. Ilibainika kuwa urefu ambao samaki hao wanaweza kuufikia ulikuwa umepungua karibu nusu, na kwamba mabadiliko hayo yamo hata katika chembe zao za urithi. Nyavu zilikuwa zimewaondoa wanaokua haraka, wakabaki wadogo kuzaa wadogo wenzao. Ndiyo maana kufunga uvuvi peke yake hakujawarejesha wakubwa. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Hapa gogo halikwisha tu, hata mbegu yake imebadilika.

Kwa upande wa gedda, kanuni zilizowekwa katika sehemu kubwa ya pwani ya Baltiki ya Sweden ziliamuru kwamba mvuvi abaki na yule wa kati ya sentimita 40 na 75 tu, na kwa idadi maalumu kwa siku. Aliye mdogo hurudishwa ili akue. Aliye mkubwa naye hurudishwa, na hapo ndipo wageni wengi hushangaa. Mtu aliyelelewa Lamu, Kismayu au Bagamoyo amezoea kwamba samaki mkubwa ni fahari ya mvuvi, na kichwa chake ni heshima ya mgeni mezani. Kumtoa ndoana na kumwachia aende zake kwaonekana kama kuitupa riziki.

Lakini hesabu yake ni nyepesi. Jike mdogo hutaga makumi ya maelfu ya mayai. Jike mkubwa aweza kutaga laki kadhaa kwa msimu mmoja. Ni yeye pia anayeweza kuwapunguza spigi wanaowala watoto wake. Akiba haiozi, na katika ghuba ile jike huyo ndiye akiba yenyewe.

Ipo pia sababu ya kiafya. Gedda hukusanya zebaki mwilini, na kadiri anavyozidi kuwa mkubwa na mzee ndivyo zebaki inavyozidi. Idara ya chakula ya Sweden huwashauri wanawake wajawazito na wanaonyonyesha wasile samaki wa aina hiyo zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka. Ushauri huu haujulikani vya kutosha katika familia zinazozungumza lugha nyingine nyumbani, na ni vyema ukaelezwa pamoja na kanuni za uvuvi. Kanuni zenyewe hubadilika, na baadhi ya ghuba hufungwa wakati wa kuzaana. Ni busara kuziangalia kila msimu kabla ya kurusha mshipi.

Habari za matumaini hazikosekani. Katika mkoa wa Kalmar, kusini-mashariki mwa Sweden, bwawa la Kronobäck lilirudishiwa maji yake, na idadi ya watoto wa gedda waliotoka humo kwenda baharini ikapanda kutoka maelfu machache hadi takriban laki moja. Mabwawa mengine mengi yamefufuliwa kwa mfano huo.

Mafunzo haya si mageni Afrika Mashariki. Nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ziliwahi kupitisha kipimo cha aina hiyo hiyo kwa sangara, kati ya sentimita 50 na 85, ili mzazi mkubwa asalimike. Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wavuvi wenyewe waliamua mwaka 2005 kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na samaki wakaongezeka humo. Ugumu ulikuwa ule ule unaomkabili mvuvi wa Tensta: kuacha leo kilichomo mkononi, kwa ajili ya kesho ambayo haijaonekana.

Treni ya Tensta itaendelea kuwafikisha watu ukingoni mwa maji, na hakuna atakayewadai leseni. Lakini mtoto anayesimama leo kando ya baba yake atamwona gedda wa mita moja ikiwa tu wale wanaomnasa sasa watakubali kumrudisha majini. Sheria ya mwaka 1985 ilimpa kila mtu haki ya kuvua. Kumwacha mzazi wa samaki azae ni wajibu unaokwenda pamoja na haki hiyo.