Tathmini Kwanza, Ujenzi Baadaye



Upepo wa Makambako, mkoani Njombe, umezungumziwa kwa miaka mingi kuwa chanzo cha umeme. Huko Kishapu, Shinyanga, shirika la umeme la TANESCO lina mradi wa umeme wa jua. Miradi ya namna hii inahitaji ardhi kubwa, na ardhi hiyo huenda ni ya kijiji chako.

Sikiliza: tathmini kwanza, ujenzi baadaye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla kazi haijaanza. Chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira ndicho kinachosimamia uchunguzi huo.

Umeme wa jua ni safi, nasi tunauhitaji. Lakini mvua ikianguka kwenye paneli zilizopangwa mteremkoni, maji yataelekea wapi? Ng'ombe watachungwa wapi? Njia ya kwenda kisimani itafungwa? Kuna makaburi? Wataalamu wa tathmini hawawezi kuyajua yote hayo bila wewe kuwaambia. Mama anayechota maji kila siku anaijua njia ile kuliko ramani yoyote.

Ukisikia mkutano wa kijiji au wa mtaa umeitishwa, nenda. Uliza: tathmini imefanyika? Taja chemchemi, malisho na makaburi kwa majina ya mahali. Hakikisha maoni yako yameandikwa kwenye muhtasari. Ukiwa na shaka, muone mtendaji wako, au ofisa mazingira wa halmashauri.

Tathmini kwanza, ujenzi baadaye.