Kabla ya Kuuliza Nani Amemloga

 

Leo nitasema juu ya AVC, kiharusi. Nianzie pale tunapowapotezea wagonjwa wetu: nyumbani, katika saa za kwanza, jamaa wakiwa wamejaa ndani. Baba ameamka, mkono wa kuume haunyanyuki, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka yamevurugika. Mmoja anasema ni karuho, yaani sumu. Mwingine anakumbuka ule ugomvi wa shamba. Wa tatu amekwisha ondoka kumwita mtu wa maombi. Jua likifika utosini ndipo wanaanza kutafuta pikipiki.

Siwadharau wanaouliza hivyo. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima kati ya sentensi moja na nyingine unafanana kabisa na kitu kilichotumwa. Na wa kuomba aombe, hata njiani ataomba. Lakini kilichotokea ndani ya kichwa kinajulikana, na nyinyi wakulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi mtakielewa haraka. Mfereji ukizibwa na tope, shamba la chini linakauka. Ukingo ukibomoka, maji yanafurika na kung'oa miche. AVC ni moja ya hayo mawili: damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo, au mshipa umepasuka na damu imemwagika ndani. Duniani, ile ya kuziba ndiyo nyingi. Kwetu Afrika, ile ya kupasuka ina sehemu kubwa kuliko kule Ulaya, na mkosaji mkuu ni tansio isiyotibiwa. Wataalamu walipiga hesabu wakakuta kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, chembe za ubongo karibu milioni 2 zinakufa kila dakika. Ndiyo maana nauchukia ule mkutano wa jamaa.

Badala ya mkutano, fanya hivi. Mwambie mgonjwa atabasamu: je, upande mmoja wa uso umebaki chini? Mwambie anyanyue mikono miwili mbele yake na kufumba macho: je, mmoja unashuka wenyewe? Mwambie arudilie maneno mepesi, kwa lugha yake, iwe Kifuliru, Mashi, Kirundi au Kiswahili: je, yanatoka sawa, na anakuelewa? Kimoja tu kikikataa ghafla, inatosha. Angalia saa, ukumbuke ni lini alionekana mzima mara ya mwisho, maana hilo ndilo muganga atakalouliza kwanza. Kuna na wale wanaopoteza kuona kwa ghafla, wanaoyumba bila kulewa, au wanaopigwa na maumivu ya kichwa ambayo hawajayajua maisha yao yote. Na zikipita dakika kumi, mkono ukarudi, kila mtu akacheka kwa furaha, usibaki nyumbani. Hilo lilikuwa onyo. Baadhi ya wanaolipata hupigwa na AVC yenyewe katika siku chache zinazofuata.

Sasa yale ya kuacha. Usimnyweshe maji, uji, dawa ya miti wala kidonge: koo inaweza kuwa imelegea pamoja na mkono, na kile unachompa kwa upendo kikaingia kwenye mapafu. Usimpe aspirini, ikiwa mshipa umepasuka utazidisha damu, na hakuna jicho la mtu linaloweza kutofautisha kuziba na kupasuka, ni skana tu. Usimwekee chini ya ulimi kidonge cha kushusha tansio kwa nguvu, maana ikianguka ghafla ubongo unakosa hata ile damu kidogo iliyobaki. Na wembe, ndugu zangu, uwekeni mbali. Kumchanja mgonjwa wa AVC hakufungui mshipa wowote. Mlaze kwa ubavu, mfungulie shati, chukua dawa anazokunywa kila siku, ondokeni.

Nisiwadanganye juu ya mahali mnakokwenda. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo duniani, lakini inatakiwa ipewe ndani ya saa nne na nusu, na baada ya skana. Kutoka hapa Kamanyola mpaka Uvira ni kama kilomita 80. Kwenda Bukavu unapanda milima ya Ngomo, au unavuka kupitia Rwanda, ikiwa mpaka uko wazi na ikiwa si usiku. Toeni wenyewe hesabu ya saa nne na nusu. Hata hivyo kwendeni. Muganga atapima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana inaweza kuiga AVC kabisa, na inarekebishwa kwa dakika chache. Atatafuta malaria. Atajua kama mgonjwa anaweza kumeza au hapana, atamgeuza asiote vidonda, atamkinga na ugonjwa wa mapafu ambao unamaliza wengi katika wiki zinazofuata. Hayo hayahitaji mashine ya milioni.

Lakini kwa kuwa skana iko mbali, vita vyetu vikubwa na AVC vinapiganwa miaka kumi kabla. Watafiti walikusanya wagonjwa na wazima kutoka nchi 32, Afrika ikiwamo, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanabeba karibu AVC tisa katika kila kumi. Tansio ndiyo ya kwanza, mbali sana na mengine. Jirani zetu Watanzania walihesabu kati ya 2003 na 2006: ukisawazisha umri, watu wa Dar es Salaam walipigwa na AVC karibu mara tatu kuliko wale wa vijijini Hai, chini ya Kilimanjaro. Tusijifariji kwamba sisi ni wa kijiji. Kamanyola yenye malori, baa na soko la mpaka inakula na kuishi kama mji.

Muganga akikuambia 14 kwa 9 au zaidi, na akipima tena siku nyingine akakuta hivyo hivyo, una tansio, hata kama unabeba gunia la mchele bila kuhema. Tansio haiumi. Hapo ndipo inapotuua. Mtu ananunua plakete moja farmasi, anakunywa, kichwa kinatulia, anasema amepona. Hajapona. Dawa ile inafanya kazi siku unayoinywa, na utainywa kesho, na mwaka ujao. Usichukue ya jirani pia. Ya kwake imepimwa kwa mwili wake.

Kwenye sahani, nawasifu na kuwagombeza. Huko Ghana na Nigeria, utafiti mkubwa ulionyesha kwamba watu wanaokula mboga za majani mara kwa mara hawapigwi sana na AVC. Sisi tuna lengalenga, tuna sombe, tuna matembele, na hayauzwi bei kubwa. Kisha tunatia chumvi, tunatia vile vipande vya Maggi vitatu, na kando tunaweka makayabo, samaki wa chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyofichwa. Kanyanga na sigara nazo sizisahau, lakini mnazijua.

Tabu Ley Rochereau, ambaye nchi nzima ilicheza kwa sauti yake, alipigwa na AVC mwaka 2008. Hakupona kabisa, na alifariki Brussels tarehe 30 mwezi wa 11, mwaka 2013. Namtaja kwa wale wanaodhani hii ni shida ya hospitali za maskini tu. Ulaya yenyewe hairudishi kila kilichokufa ndani ya ubongo.

Wazazi wenye watoto wa SS, yaani wa ugonjwa wa selimundu, neno moja kwenu. AVC inawapiga hata watoto hao, wengine kabla ya kuanza masomo. Mtoto wa SS akianza kuvuta mguu au kuangusha kikombe, mkimbize siku hiyo hiyo. Na muulizeni muganga juu ya dawa ya hidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, na matokeo yake yalikuwa mazuri.

Mwezi wa pili mwaka 2025, maelfu ya watu wa bonde hili walikimbia vita, wakavuka Ruzizi na kulala katika uwanja wa Rugombo, Burundi. Katika kukimbia, mtu wa tansio huacha dawa nyumbani, na ni siku hizo za hofu anapozihitaji zaidi. Mfuko wenye kadi ya uchaguzi uwe na plakete ya mwezi mzima na karatasi yenye jina la dawa.

Na aliyebaki na mkono uliopooza asifichwe chumba cha nyuma. Miezi ya kwanza ndiyo ubongo unajifunza upya kwa nguvu: akalishwe, asimamishwe, mkono unyooshwe kila siku, azungumzishwe. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu kinachowasaidia walemavu kurudisha mwendo. Wengi wanaosindikizwa vizuri wanatembea tena.

Limebaki jambo moja, na hili nawaambia kamati za afya, CODESA zetu. Katika vituo vyetu mashine ya tansio inamgusa mama mwenye mimba, na ni haki yake. Mume wake aliyekuja na malaria anaondoka bila kupimwa. Kupima kunachukua dakika tano. Mkutano ujao, ombeni kwamba kila aliyefika miaka 30, mume kwa mke, apimwe kila anapoingia mlangoni, na namba iandikwe kwenye fishi yake aende nayo nyumbani.