Feni za Seva ya Nyumbani: Namna ya Kupunguza Kelele

Leo tutazungumza juu ya seva ndogo ya nyumbani na kelele za feni zake.

Seva ni kompyuta inayokesha. Hutunza hesabu, picha na barua, na kuwapa wenye ruhusa kila wanapozitaka. Ziko seva ndogo kuliko debe la mafuta. Tuseme chama chenu cha kuweka na kukopa kimeiweka moja nyumbani kwa katibu. Ikivuma usiku kucha, watoto hawalali. Mwisho mtu huchoka, akang'oa waya wa feni. Hapo nyumba itakuwa kimya, lakini diski zitapata joto jingi, na hesabu za wanachama zaweza kupotea.

Kwa nini feni huvuma? Ndani ya mashine mna vipima joto. Joto likipanda, mashine huiamuru feni ikimbie. Basi usigombane na feni. Shughulika kwanza na joto.

Kwanza, mahali. Usiifungie seva kabatini, wala usiibane ukutani. Hewa ya moto iliyotoka itaingia tena, na feni itafanya kazi ya bure. Iachie nafasi ya shibiri moja nyuma, na mbele pia.

Pili, vumbi. Zima mashine kwa utaratibu wake, chomoa waya wa umeme, kisha fungua kifuniko. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Ukipuliza hewa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, maana yaweza kuharibika. Safisha pia mapezi ya aluminiamu yanayopoza bongo la kompyuta. Vumbi likijaa hapo, hewa haipiti.

Tatu, mwendo. Seva nyingi zina ukurasa wa mipangilio uitwao bayosi, ambao hufunguliwa mashine inapoanza kuwaka. Humo mara nyingi mtu aweza kuchagua mwendo wa feni. Mwendo ukipunguzwa kuwa nusu, kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi, na sikio huona imepungua kupita nusu. Lakini hewa nayo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo punguza kidogo kidogo. Kila mara ngoja mashine ifanye kazi saa nzima, kisha soma joto. Watengenezaji wa diski nyingi za kuzunguka wameweka kikomo cha nyuzi 60 za Sentigredi. Tusingoje kufika huko. Yafaa zikae chini ya nyuzi 45. Tena pima saa nane mchana, si alfajiri, kwa kuwa chumba chenyewe huwa na joto zaidi.

Nne, feni yenyewe. Ikikwaruza au kutetemeka hata baada ya kusafishwa, imechakaa, nunua nyingine. Feni yenye upana wa milimita 120 hupeleka hewa nyingi kwa mwendo wa polepole, lakini ya milimita 40 hapana budi ikimbie sana, nayo hulia kama mbu. Hata hivyo, nunua inayoenea katika nafasi iliyopo. Hesabu nyaya pia. Katika feni ya nyaya 4, waya mmoja hupeleka habari za mwendo, na mwingine huleta amri. Feni mpya ikienda polepole mno, seva nyingine hudhani imekufa, zikapiga kelele za hatari. Basi linganisha mwendo wa chini wa feni zote mbili kabla ya kulipa. Unapoifunga, hakikisha hewa inaelekea upande ule ule wa zamani.

Anza na mahali na vumbi, maana havihitaji fedha. Kisha andika joto katika daftari kwa juma moja kabla ya kununua kitu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini ni hatari kung'oa waya wa feni?
2. Seva iliyomo kabatini huvuma zaidi. Eleza sababu.
3. Kwa nini joto lipimwe mchana?
4. Katibu anataka kununua feni mpya leo. Mtamshauri afanye nini kwanza?