Kubeba, Kuchukua, Kujitwika: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza katika Njia ya Maji ya Newala



Nimeombwa nizungumze juu ya visawe. Ilinipasa nianze na nadharia, lakini naomba ruhusa nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya sekondari huko Masasi, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili sentensi ya Kiingereza waifasiri. Ilimhusu mwanamke aliyepanda mlima akiwa na mtoto na maji, na kitenzi chake kilikuwa kimoja tu, carry. Darasa zima liliandika kwamba mwanamke huyo alibeba mtoto na maji. Msichana mmoja, ambaye kwao ni Newala, aliandika: "Alimweleka mwanawe, akajitwika ndoo, akakwea." Jibu nililokuwa nimeliandaa lilikuwa na neno "alibeba". Nikamkata alama mbili, moja kwa kila kitenzi.

Tutazame kwanza mahali alipotoka. Mji wa Newala uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama paitwapo Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini ya miguu yako. Juu ya uwanda hakuna mto. Udongo wake ni wa kichanga, mvua ikinyesha hunywewa yote, na maji hayo hutokeza tena chini, kwenye chemchemi za miteremko na mabonde. Kwa vizazi vingi, basi, watu walikaa juu na maji yakakaa chini. Mradi wa kusukuma maji kwa mitambo ulianza katika miaka ya 1950, na baadaye serikali ya Finland ikasaidia miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Watu pia huvuna maji ya mvua kutoka mapaani. Lakini bomba likikauka, njia ya zamani ingalipo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Wamakonde ndio waliotunga vitenzi nitakavyovitaja. Ni vya Kiswahili, na baadhi yake vina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu. Nisemalo ni kwamba mtoto aliyeipita njia ile akiwa na ndoo anajua kila kitenzi kinakaa sehemu gani ya mwili.

Kitenzi cha Kiingereza hakiulizi habari za mwili. Kinatosheka kwamba kitu kimetoka hapa kimefika pale, na kuna aliyekitegemeza. Kiswahili huuliza. Mtoto aliye mgongoni au nyongani ameelekwa. Nguo inayomshika ni mbeleko, jina lililohifadhi ile b ambayo eleka imeipoteza na beleka bado inayo. Mtoto aliye mapajani amepakatwa, na hapo hakuna safari kabisa, kwani mwenye kupakata ameketi. Mizigo miwili iliyoning'inizwa kwenye ncha za mti ulio begani ni mzegazega, na mti wenyewe ni mpiko. Vitu vinavyotaka safari nyingi husombwa: mchanga, matofali, mahindi ya shambani. Asemaye "tumesomba maji tangu alfajiri" amekwisha kukueleza wingi wa safari zake bila kuzihesabu.

Kitenzi ninachotaka kukaa nacho ni twika. Katika umbo lake la msingi hakina maana ya kusafirisha kitu. Kumtwika mtu ni kumwinulia mzigo na kumwekea kichwani. Kwa hiyo kinahitaji watu wawili, na ndiyo sababu mtu aliye peke yake hulazimika kusema anajitwika, kwa kiambishi cha kujirejea, kana kwamba amegeuka kuwa mwenziwe mwenyewe. Penye chemchemi jambo hili si la sarufi tu. Ndoo ya lita ishirini haipandi kichwani kwa urahisi bila mtu wa pili, na wa mwisho kubaki kisimani anao wasiwasi wake. Msichana wangu alipoandika "akajitwika", alikuwa amesema kwamba mwanamke yule alikuwa peke yake. Kiingereza cha sentensi ile hakikulisema hilo waziwazi. Yeye alilisoma katika hali, maana hakutajwa mtu mwingine.

Mwenzake twika ni tua. Wanaolinganisha lugha za Kibantu huyaunganisha maneno haya mawili katika shina moja, kama tulivyo na bandika na bandua, funika na funua. Kutua mzigo, basi, ni kukitendua kile kitendo cha kutwikwa. Ndege hutua, msafiri hutua, na moyo hutulia. Hili la mwisho nalitaja kwa kupita tu, nisije nikadaiwa ushahidi.

Masasi yenyewe inayo sehemu katika historia ya maneno haya. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliliongoza kutoka Lindi kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafanya makao Masasi. Ni Steere huyohuyo aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja. Katika kazi za zama hizo, na katika kamusi za A. C. Madan wa misheni hiyohiyo zilizofuata, kitenzi cha jumla ni chukua. Beba ni la mtoto mgongoni. Pagaa ni la mzigo wa begani au kichwani, na ndimo alimotoka mpagazi wa misafara. Barabara na reli zilipokuja mpagazi alitoweka, na kitenzi chake kikabaki mikononi mwa mashetani: siku hizi twasema mtu amepagawa.

Tangu hapo beba imepanda cheo na chukua imehamia upande wa kutwaa. Mabadiliko haya si maradhi. Chukua imeacha alama zake: uchukuzi, neno lililofika hadi kwenye jina la wizara, ukumbi unaochukua watu mia tatu, nguo iliyomchukua mvaaji, wakewenza wanaochukuliana. Nayo beba haikuisahau mbeleko. Washabiki wa mpira wakilalamika kwamba mwamuzi anaibeba timu fulani, timu hiyo ni mtoto aliye mgongoni, na wengine huitaja mbeleko yenyewe. Sina ugomvi hata na wenzetu walioko ughaibuni wanaosema "tunabeba boksi". Ni msemo wenye chumvi yake.

Ugomvi wangu uko kwenye ufunguo wa majibu, ule wangu na mingine niliyoiona baadaye. Tunapoyaorodhesha beba, eleka, pakata na twika kuwa visawe, tunamfundisha mwanafunzi kwamba lolote lafaa, kisha tunamsahihisha kwa lile moja lililozoeleka. Jaribio la kubadilishana maneno latosha kutuumbua. Hakuna atakayempakata mtoto hadi sokoni. Na atakayesema amemjitwika mwanawe atachekwa hata kabla sarufi yake haijakosolewa. Haya ni mahusiano ya hiponimia: neno moja pana na mengine yaliyo chini yake. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haina budi kutaja, kwa kila kisawe, mzigo gani, sehemu gani ya mwili, na kama mwenye mzigo anatembea au ameketi. Itaongezeka kurasa. Na iongezeke.

Kuhusu zile alama mbili, sikuwahi kuzirudisha. Nilipokuja kuielewa sentensi yake, miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimesimama kwenye mteremko mmoja wa Newala nikingoja gari, alikuwa amekwisha kuhitimu na sikujua aliko. Mbele yangu wanawake wawili walikuwa wakisaidiana. Mmoja aliinua ndoo ya mwenzake, akamwekea kichwani juu ya kata, kisha akabaki akiitazama yake iliyokuwa chini. Nilishuka nikamtwika.