Samaki wa kwanza, jioni ya maji mafu

Mwezi wa Disemba katika pwani ya kusini mwa Uingereza jua huzama karibu na saa kumi jioni. Saa hizo wengi waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki huwa wamekwisha kufunga madirisha na kukaa karibu na joto. Kwa mvuvi wa ufukweni, hata hivyo, giza hilo ndilo mwanzo wa kazi. Samaki mwembamba wa rangi ya fedha, ambaye Waingereza humwita whiting, husogea karibu na nchi kavu majira ya baridi, na usiku unapoingia hutafuta chakula si mbali na mawimbi.

Baba mmoja, mzaliwa wa Pemba, alimchukua binti yake wa miaka tisa hadi Dungeness, rasi ya changarawe iliyoko Kent. Siku hiyo hakuichagua kwa kubahatisha. Mwezi ulikuwa wa siku saba, na maji yalikuwa mafu, yakitarajiwa kujaa mnamo saa kumi na mbili jioni. Wavuvi wengi hupenda bamvua, kwani maji yendayo kwa nguvu huwatia samaki hamu ya kula. Lakini ufukwe wa Dungeness una mteremko mkali, na wimbi linaporudi huondoka na changarawe chini ya miguu. Mtu mzima huweza kuanguka, sembuse mtoto. Kwa hiyo baba alitoa amri moja tu: mtoto asivuke pale changarawe zilipolowa.

Alitia chambo kwenye ndoana, nyungunyungu wa mchangani pamoja na ukanda wa ngisi, kisha akatupa mshipi. Chubwi lilikuwa la gramu 150, lenye miguu ya waya inayoshika chini ili mkondo usilikokote. Fimbo ikasimamishwa kwenye kigoda chake, na binti akapewa kazi ya kutazama ncha yake kwa taa ya kichwani. Ilipita saa nzima. Chai ya chupa ilikwisha, vidole vikafa ganzi ndani ya glavu, na mtoto akauliza mara tatu kama samaki nao hulala mapema wakati wa baridi.

Mara ncha ikatikisika mara mbili, ikatulia, ikatikisika tena. "Baba, ameuma!" Baba akamwachia fimbo mwenyewe, yeye akasimama nyuma yake akimshika koti. Binti alikunja mshipi hadi mikono ikamtetemeka, na samaki akatokea juu ya povu, aking'aa. Alikuwa samaki wake wa kwanza maishani.

Akapimwa kwenye rula, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia. Sentimita 24.

Katika bahari ya Uingereza, kumvua samaki wa kawaida kwa fimbo kutoka ufukweni hakuhitaji leseni. Lakini upo urefu ambao chini yake samaki hachukuliwi, na kwa whiting ni sentimita 27. Zilikosekana tatu.

"Nataka bibi amwone," alisema mtoto. Kisha akageuka kutazama ufukwe mtupu. "Kwani nani atajua, baba?"

Swali hilo lilimgusa baba kuliko alivyotaka kuonyesha. Alikokulia yeye, samaki mdogo naye aliingia chunguni, na hakuna aliyeona haya. Alijua pia kwamba hakuna askari ambaye angetembea juu ya changarawe usiku ule wa baridi kutafuta samaki mmoja. Lakini alikumbuka habari alizopata kwa simu kutoka nyumbani. Katika miaka ya 2010, wanakijiji wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walikubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa. Waliokuwa na njaa ya siku ile walisubiri, kwa sababu pweza hukua upesi akiachwa, na mwamba ulipofunguliwa walivuna pweza wakubwa. Hapo napo usiku ulikuwa na giza, na mtu mmoja mwenye mchokoo angeweza kuwaharibia wote.

"Mimi nitajua," alijibu. "Na wewe utajua. Lowesha mikono kwanza, mwanangu. Mkono mkavu humtoa utelezi wake, akaugua."

Mtoto alilia kidogo, bila sauti. Kisha akavua glavu, akalowesha mikono kwenye ndoo, akampokea samaki. Baba akamshika kiunoni, wakangoja wimbi litulie. Samaki alilala ubavu juu ya maji kwa muda uliowatia hofu wote wawili, halafu akapiga mkia mara moja na kupotea.

Hawakupata mwingine. Walirudi nyumbani na ndoo tupu, wakala wali na maharage.

Kesho yake bibi alipiga simu kutoka Pemba, akauliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Wavuvi, kama ijulikanavyo, hawana mkono mfupi katika swali hilo. Baba alitega sikio.

"Sentimita 24, bibi," alisema mtoto. "Tulimrudisha."

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Basi mwakani mfuateni. Atakuwa amefika."