Taya Linalouma: Tusimdhulumu Kijana Wetu

Baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume Wake (s.a.w.), leo tunazungumzia kiungo tukitumiacho tulapo, tusemapo na tusomapo, nacho ni kiungo cha taya.

Tulikuwa na mwanafunzi hapa Njisi, kijana wa miaka ishirini na ushei, mbeba magunia ya mpunga. Kisomo chake kikaharibika ghafla. Herufi zinazotaka kinywa kifunguke zikawa hazitoki sawasawa. Tukamkemea mbele ya wenziwe, tukidhani ni uvivu. Akaacha darsa, akaacha hata kula sinia moja na watu. Baadaye tukabaini kwamba kinywa chake hakipitishi zaidi ya kidole kimoja, ilhali mtu mwenye afya aghlabu hupitisha vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Tena alikwisha kung'olewa magego mawili mazima, na maumivu yakabaki vilevile. Tulimwomba radhi, akatusamehe. Lakini magego hayarudi.

Kiungo hiki kiko mbele kidogo ya sikio, kila upande, na kati ya mifupa yake mna kisahani cha gegedu. Kisahani kikihama, taya hualika au hukwama. Misuli ikikazana, maumivu huenea sikioni, kichwani na menoni, ndiyo maana mgonjwa hudhani ni jino. Maradhi haya huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume. Miongoni mwa sababu zake ni kusaga meno usingizini, kuyaumanisha kwa dhiki na fikra, pigo la taya, na maradhi ya viungo.

Tazameni basi hali ya kijana huyu. Usiku halali vizuri, mchana hatafuni, na kupiga mwayo kwake ni hofu. Akikataa chakula cha watu huambiwa ana maringo. Akinyamaza huambiwa ana jini. Hana jeraha la kuonyesha, kwa hiyo hasadikiwi.

Ama tiba yake, kwa wengi ni nyepesi na haihitaji upasuaji. Taya linaloalika bila kuuma halina haja ya dawa. Linalouma lipumzishwe: mgonjwa ale vyakula laini kwa muda, aache miwa, mahindi ya kuchoma na kufungua chupa kwa meno. Akande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na asipokula meno yake yasigusane. Adabu tuliyofundishwa ya kuuzuia mwayo nayo hulihifadhi taya.

Maumivu yasipokoma, aende hospitali ya wilaya, Kyela, na ikibidi apewe rufaa Mbeya. Kabla ya kukubali kung'olewa jino, aulize: je, jino lenyewe ndilo bovu? Kinywa kikikwama wazi, au taya likikaza baada ya jeraha, jambo ambalo laweza kuwa pepopunda, apelekwe saa ileile.

Enyi wazazi na walimu wenzetu, tumuulize kijana kabla ya kumkemea. Sisi tulichelewa kuuliza, ninyi msichelewe.

Wabillahi tawfiq.