Muombe Mzee Kwanza

Msikilizaji, jioni ya leo nasema na kijana wa Hai Malakal, hapa Juba, mwenye kompyuta, spika mbili na hamu ya kutengeneza muziki wa hausi.

Nataka umjue Osunlade, mtayarishaji wa muziki huo. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1969. Alifanya kazi na wasanii wa kampuni kubwa mpaka biashara ile ikamchosha. Mwaka 1999 akaanzisha lebo yake, Yoruba Records. Albamu yake Paradigm ikatoka 2001. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba aliingia katika Ifá, dini ya Wayoruba, akawa kuhani. Na Ifá haina njia ya mkato: ina sura 256, kila moja na aya zake za kukaririwa, na kila orisha, yaani kila mmoja wa miungu yao, ana mapigo yake. Ngoma ya Oshun humpigii Shango. Mtu aliyefunzwa hivyo hachukui sauti ya ngoma kuwa pambo. Msikilize: mapigo manne ya mashine yanakwenda, lakini yanaipisha ngoma ya mkono iseme lake.

Sisi je? Mtaa huu umebeba jina la Malakal, mji ulioko katika nchi ya Washilluk. Anapotawazwa reth, mfalme wao, sanamu ya Nyikang, mzee aliyeuasisi ufalme, hutolewa Akurwa ikaletwa Fashoda. Watu wa Nyikang hupambana na watu wa mfalme mteule, wakawashinda, kisha roho ya Nyikang humwingia mfalme kitini. Jambo zito kama hilo lina ngoma zake na nyimbo zake. Tangu vita vya Desemba 2013 Malakal imetekwa na kutekwa tena, wenyeji wakatawanyika hadi Khartoum na hapa Juba. Mzee akifia ugenini bila kuimba mbele ya kijana, tumepoteza kitu ambacho hakuna studio itakayokirudisha.

Wimbo Kuar wa Emmanuel Jal, mtoto wa nchi hii ya Sudan Kusini, ulitengenezwa upya na Henrik Schwarz wa Ujerumani, ukachezwa na madijei wa Ulaya. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila natamani kazi kama hiyo ifanyike hapa, na mtu anayeweza kuvuka barabara kumuuliza mzee maana ya anachokirekodi.

Basi, mwanangu, kabla hujabonyeza kitufe, nenda ukasalimie. Uliza wimbo ni wa nani, huimbwa lini, nani haruhusiwi kuuimba. Zipo nyimbo atakazokwambia hizi haziendi disko. Mkubalie, usizirekodi kwa siri. Ule atakaokuruhusu, andika jina lake kwenye kazi, na umlipe kabla wimbo haujatoka. Kisha ulete hapa studio. Tutaupiga, na jina la mzee tutalitaja kwanza.